Baada ya sinema ya Wakanda: kilio kimalizwe wapi?

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. – Filamu ya Black Panther: Wakanda Forever ilitoka mwezi Novemba 2022, na kwa wapenzi wengi wa sinema hiyo ni habari ya zamani. Lakini Jumamosi moja jioni, ukumbi mmoja wa katikati ya mji ulipoionyesha tena, viti vilijaa. Vijana wa Kenya, Katuba na Kamalondo walikuja kwa makundi. Walikuwamo pia watu waliokimbia vita vya Kivu, ambao sasa wanakaa kwa ndugu zao katika komine mbalimbali za mji huu. Watu walicheka, walipiga makofi, na wengine walitoka kimya. Nje, karibu na wauzaji wa karanga, mazungumzo yaliendelea hadi mwendo wa mabasi madogo ulipoanza kupungua.

Kati ya waliotoka kimya walikuwa watu wanne wa nyumba moja. Mama mjane kutoka Bukavu, mwenye umri wa miaka 44. Mtoto wake wa kiume wa miaka 19. Binti wa miaka 9. Na mzee anayewapokea, mume wa shangazi wa mama huyo, ambaye watoto wote wa kiwanja wanamwita Kambo. Majina yao hayatajwi hapa, kwa sababu ndugu zao wengine wangali Bukavu.

Wazo la kwenda sinema lilikuwa la kijana. Mwaka 2018, akiwa na miaka 12, aliona filamu ya kwanza katika chumba cha video huko Kadutu, amebanwa kati ya watoto wengine kwenye benchi la mbao. Filamu ile ilizunguka dunia nzima na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Kwa mtoto wa Bukavu, hesabu hiyo haikuwa na maana. Alichokumbuka ni mfalme mweusi asiyeomba kitu kwa mtu. Kwa miezi kadhaa, yeye na wenzake walikuwa wakisalimiana kwa kukunja mikono kifuani.

Safari hii alijua mapema kwamba mfalme hatamwona. Chadwick Boseman, aliyecheza nafasi ya T'Challa, alifariki kwa saratani mwezi Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Mwongozaji Ryan Coogler na wenzake hawakutaka kumweka mtu mwingine katika nafasi hiyo. Basi filamu ya pili inaanza na kifo. T'Challa anaugua, dada yake Shuri anatafuta dawa katika maabara, anachelewa. Mama yao, malkia Ramonda, anakuja kumpa habari. Kisha watu wote wanavaa nyeupe na kusindikiza jeneza kwa ngoma.

Binti mdogo aliuliza kwa sauti, “Mama, kwa nini wamevaa nyeupe? Sisi tulivaa nyeusi.” Watu wa mstari wa mbele waligeuka. Mama alimwekea mkono begani na hakujibu.

Madini ambayo Kambo anayajua

Kambo alifanya kazi miaka 27 kwenye viwanda vya Gécamines, karibu na dohani kubwa ile ambayo kila mgeni wa Lubumbashi anaionyeshwa pamoja na kilima cheusi cha masalio ya madini. Aliondoka mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi walipopewa fedha kidogo na kuambiwa kwamba wameondoka kwa hiari yao. Hapendi sinema za watu wanaoruka hewani. Lakini jioni ile alikaa wima tangu dakika za kwanza, kwa sababu filamu inaongea juu ya madini.

Katika hadithi hiyo, Wakanda ina madini yanayoitwa vibranium, yenye nguvu kupita chuma chochote. Mataifa makubwa yanayataka. Mapema kabisa, askari wa kukodiwa wanavamia kituo cha Wakanda huko Mali ili kuyaiba, na wanakutana na wanawake wa Dora Milaje. Malkia Ramonda anakwenda Geneva, mbele ya Umoja wa Mataifa, na kuwaleta wezi wale wamefungwa mikono, mbele ya wakubwa waliokuwa wanaongea maneno matamu. Miongoni mwa wakubwa hao kuna Wafaransa. Tukio hilo liliudhi hata serikali ya Ufaransa: mwezi Februari 2023, waziri wa majeshi Sébastien Lecornu alilalamika hadharani juu ya namna askari wa nchi yake walivyoonyeshwa.

Ukumbini Lubumbashi, tukio hilo ndilo lililopigiwa makofi makubwa kuliko yote. Kambo naye alipiga. “Ile vibranium njo hii yetu,” alimwambia kijana.

Hana kosa kubwa. Waandishi wa vitabu vya picha vya Marekani, Stan Lee na Jack Kirby, walimtoa Black Panther mara ya kwanza mwaka 1966. Mwaka huohuo, mji wa Élisabethville ulipewa jina la Lubumbashi. Ilipofika Januari 1967, mali ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyochimba shaba hapa tangu mwanzo wa karne, ilikuwa mikononi mwa serkali, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Kabla ya hapo, uranium ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa imekwisha kupelekwa Marekani na kuingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Leo kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga iko ndani ya betri za simu na za magari ya umeme. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Hata askari wa kukodiwa si hadithi katika mji huu. Wazee wanawakumbuka tangu Moïse Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960.

Lakini furaha ya Kambo haikukaa. Kadiri filamu ilivyoendelea ndivyo alivyoanza kunung'unika. Alikuwa anatafuta kitu kimoja na hakukiona: wachimbaji. Aliona vyombo vinavyoruka, maabara zinazong'aa, nguo za ajabu, soko lenye watu walioshiba. Hakumwona mtu mmoja anayetoka zamu ya usiku na vumbi usoni. Hakusikia king'ora cha kuingia kazini. “Nani anachimba?” aliuliza. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kila tani ilipita mikononi mwa watu anaowajua kwa majina. Kampuni ilikuwa baba na mama: ilitoa unga, shule, hospitali. Halafu mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000, na watoto wa wafanyakazi wakaanza kurudishwa shuleni kwa kukosa karo. Nchi inayokula madini bila mchimbaji, Kambo alisema, ni ndoto ya mtu ambaye hajawahi kushika koleo.

Kijana alimjibu kwa heshima, “Kambo, ni ndoto ndiyo. Lakini ya kwetu, nani alituachia hata kuiota?”

Swali hilo halikupata jibu kwenye ngazi za ukumbi, na hata nyumbani halijapata.

Mambo ambayo hayakupendeza

Walioona filamu jioni ile walikuwa na malalamiko yao, na mengi ni ya haki. Inachukua dakika 161, na katikati inalegea. Kuna mwanafunzi wa Marekani anayeunda mashine, kuna watu wa upelelezi wanaofukuzana, kuna mambo yanayoandaa filamu nyingine zitakazokuja. Wengi waliona kwamba hayo yanakata kilio ambacho ndicho kiini cha hadithi.

Pia Wakanda haipo Afrika hata kwa picha. Filamu ilipigwa zaidi huko Georgia, Marekani, na kwenye kisiwa cha Puerto Rico. Wanawakanda wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini, na jioni ile Lubumbashi waliwasikia zaidi kwa Kifaransa kilichowekwa juu. Nguo za Ruth E. Carter zimechukua mapambo kutoka pande nyingi za bara hili, na zilimpa tuzo ya Oscar kwa mara ya pili, mwanamke mweusi wa kwanza kuzipata mbili. Ni nzuri kweli. Lakini msichana mmoja fundi cherehani alisema nje kwamba ni kama mtu ameingia soko la vitenge na kununua kipande kimoja kwa kila meza.

Hata hivyo, watu wa Afrika Mashariki wana wao ndani. Lupita Nyong'o, anayecheza Nakia, ni Mkenya aliyezaliwa Mexico. Florence Kasumba, ambaye ni Ayo wa Dora Milaje, alizaliwa Kampala.

Lililomuumiza zaidi kijana lilikuwa jambo lingine. Adui wa Wakanda safari hii si mzungu. Ni Namor, mfalme wa Talokan, taifa lililofichwa chini ya bahari. Watu wake ni Wamaya waliokimbia ndui na utumwa wa Wahispania karne nyingi zilizopita. Wao pia wana vibranium. Wao pia wanaogopa kuvamiwa. Kwa hiyo mataifa mawili yaliyoumizwa na watu walewale yanaanza kuuana, na wale waliokwenda kuchimbua baharini, ambao ndio chanzo cha ugomvi, wanabaki ofisini kwao wakiangalia.

Kijana alisema angetaka kuona mwisho mwingine. Shuri anamwachia Namor uhai wake, ndiyo, na vita vinasimama. Lakini wafu wa pande zote mbili wamekwisha kufa. Alikuwa ametoka nyumbani akitaka kusahau vita kwa saa mbili na nusu, na sinema ikamrudisha vitani.

Maji yalipoingia mji

Katikati ya filamu, Namor anaushambulia mji mkuu wa Wakanda kwa maji. Mto unapanda, unaingia sokoni na nyumbani, watu wanakimbia wakibeba watoto, na malkia Ramonda anakufa maji baada ya kumwokoa mwanafunzi yule. Wanaobaki wanapelekwa milimani, kwa watu wa Jabari, ambao zamani walikuwa hawapatani nao.

Mama wa Bukavu hakutazama sehemu hiyo. Aliinamisha kichwa na kuhesabu shanga za rozari mkononi.

Mume wake alifariki kwa ugonjwa mwezi Januari 2025 na kuzikwa Bukavu. Wiki chache baadaye, katikati ya Februari, M23 waliingia mji huo baada ya kuiteka Goma mwisho wa Januari. Familia ilitoka na mifuko miwili. Walishuka hadi Uvira, wakapanda mashua ya Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na kutoka huko wakafika Lubumbashi juu ya lori la mizigo. Ndugu mkubwa wa marehemu alivuka kwenda Burundi na watoto wake. Wengine walibaki kulinda nyumba.

Watu wa Jabari waliwapokea Wakanda bila kuwauliza mengi. Lubumbashi nayo imewapokea watu wengi, ingawa si bila maneno. Mama huyu amesikia sokoni kwamba Kiswahili chake ni cha huko, na mara moja mwenye duka alimuuliza kama yeye ni Mkongomani kweli. Lakini majirani wa kampi walimletea masufuria siku ya kwanza, na Kambo aliwapa chumba cha mbele, ambacho ndicho kizuri zaidi.

Kilichobaki ni kilio. Kwa desturi ya familia ya mume, mjane huvua nguo nyeusi baada ya mwaka, mbele ya ndugu wote, na kaburi husafishwa siku hiyo. Mwaka unakaribia kuisha. Ndugu wametawanyika katika nchi mbili, na njia ya kwenda kwenye kaburi haipitiki. Tangu miezi mitatu kijana anamwomba mama wafanye hapa Lubumbashi. Anaona mama anavyokonda ndani ya nguo zile. Anaona binti anavyoogopa kucheka mbele yake. Mama anakataa, na kila mara anajibu kwa maneno yaleyale: “Papa, kilio kinaishia pale baba yako alipolala.”

Filamu ikawapa wote wawili maneno ya kuongezea.

Upande wa mama kuna Namor. Mama yake, alipokaribia kufa chini ya bahari, aliomba azikwe kwenye nchi ya wazee wake, ingawa nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa watesi. Mtoto alimbeba hadi huko. Mjane wa Bukavu alimwelewa mama yule mara moja. Kukimbia ni jambo moja, alisema. Kukubali kwamba umehama ni jambo lingine, na wafu hawajui kuhama.

Upande wa kijana kuna Nakia. Mwisho wa filamu tunamkuta Haiti, ambako anaendesha shule. Hakurudi Wakanda kwa mazishi ya T'Challa, kwa sababu mwenyewe alikuwa amemwomba asije. Alifanya kilio chake kidogo hukohuko, mbali, na mtoto ambaye alizaliwa na mfalme kwa siri. Shuri anamfuata. Mwanzoni, mama yake alipomtaka achome nguo za kilio kando ya mto, hakumaliza. Sasa anawasha moto ufukweni Haiti, anaitia nguo ndani, na kwa mara ya kwanza anamkumbuka kaka yake bila hasira. Hapo ukumbi ulinyamaza kabisa. Mtoto anajitambulisha kwa jina la Haiti, Toussaint, na kwa jina la nyumbani, T'Challa.

“Ana majina mawili na hakupoteza hata moja,” kijana alisema njiani.

“Yule ni mtoto wa mfalme,” mama alijibu. “Wao watarudi siku yoyote wanayotaka.”

Jeneza la 2022

Usiku ule, juu ya chai, Kambo ndiye aliyeongea zaidi. Aliwakumbusha Lumumba. Patrice Lumumba aliuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na mwili wake uliharibiwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Kilichobaki ni jino, lililokuwa Ubelgiji mikononi mwa familia ya askari mmoja wa kikoloni. Ubelgiji ilirudisha jino hilo tarehe 20 Juni 2022. Liliwekwa katika jeneza, likazungushwa nchini, likapita Lubumbashi na Shilatembo, mahali alipouawa, na likawekwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kambo alikuwa kando ya barabara siku jeneza lilipopita. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1961. Watu walilia kama kwamba mtu amekufa juzi.

“Miaka 61,” alisema. “Watoto wake walizeeka wakingojea. Mtu angewaambia walie bila mwili, wangemfukuza. Mtu angewaambia wangojee tena, wangekufa.”

Mama aliuliza anataka kusema nini. Kambo akasema hasemi kitu, anahesabu miaka tu.

Siku mbili baadaye mama aliomba simu ya kijana na kumpigia shemeji yake, ndugu mkubwa wa marehemu, huko Burundi. Mtandao ulikatika mara tatu. Shemeji alisikiliza, akauliza nani atakuwepo, nani ataomba, kisha akasema kwamba hata yeye hajanyoa tangu Februari. Alitoa ruhusa, kwa sharti moja. Kitambaa cheusi kisichomwe wala kutupwa. Kifuliwe, kikunjwe, kiwekwe, na siku njia itakapofunguka kipelekwe kaburini.

Kijana hakufurahi sana na sharti hilo. Alikuwa anataka moto, kama wa Shuri. Mama naye hana furaha yote. Anasema bado haijui siku atakayovaa kitenge cha rangi bila kujisikia mwizi. Lakini tarehe imepangwa, Jumamosi ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, kiwanjani kwa Kambo. Wanakwaya wa parokia watakuja, na familia tatu nyingine za Bukavu zinazokaa komine ya Ruashi.

Wanaloendelea kubishania ni chakula. Kambo amekwisha kuagiza mfuko wa unga wa mahindi kwa ajili ya bukari, kama inavyofanyika Lubumbashi. Mama anasema watu wa kwao hawatakula kilio bila unga wa muhogo, na binti ametumwa sokoni kuuliza bei.